Waraka ni Nusu ya Kuonana: Barua ya Kirafiki na Mpokeaji Aliyesahauliwa

Wahenga waliacha methali mbili zinazowahusu watu waliotengana, na methali hizo hazisemi jambo moja. Ya kwanza hunena kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Ya pili hunena kwamba waraka ni nusu ya kuonana. Ile ya kwanza inaeleza hali ilivyo: mtu akiisha kuondoka barazani, hoja zake huondoka naye, fungu lake hugawanywa na jina lake hutajwa kwa nadra. Hii ya pili inataja dawa. Haidai kwamba waraka ni sawa na kuonana, kwani waliotunga methali hii walijua thamani ya ana kwa ana. Inadai nusu tu. Makala haya yanashikilia kwamba nusu hiyo imetosha kuhifadhi urafiki wa watu wengi kwa vizazi kadhaa, kwamba sasa inapotea, na kwamba miongoni mwa wanaoipoteza ni wale ambao wangetarajiwa kuwa walinzi wake wa kwanza, yaani wanafunzi na walimu wa Kiswahili.

Barua isiyo na mpokeaji

Ni nadra kumpata mtu aliyepitia shule za Kenya ambaye hajaandika barua ya kirafiki. Anwani ya mwandishi huwekwa juu upande wa kulia, tarehe ikafuata chini yake, kisha mtajo, salamu, mwili na hitimisho. Mwanafunzi hufunzwa kwamba barua rasmi ina anwani mbili na mada inayotanguliwa na KUH au MINT, ilhali ya kirafiki haina. Hufunzwa pia vifungu vya kuingilia: kwamba rafiki yu buheri wa afya, na kwamba dhamira ya kumwandikia waraka huu ni kadha wa kadha. Baada ya hapo jina la rafiki hubuniwa, sanduku la posta hubuniwa, na ziara ya mbuga za wanyama inayosimuliwa hubuniwa pia. Mwalimu huitia alama kwa wino mwekundu, akapunguza maki kwa ajili ya tahajia na nyingine kwa ajili ya upatanisho wa kisarufi, na daftari likafungwa.

Hakuna anayejibu. Hili ndilo jambo ambalo silabasi haikulitilia maanani. Kijana huyu hufika chuo kikuu akiwa ameandika barua nyingi za kirafiki na hajawahi kupata jibu hata la moja. Amejifunza, bila ya yeyote kumwambia, kwamba barua ni utungo unaoandikiwa mtahini. Ameujua umbo wake barabara. Asichokijua ni kazi yake. Akiulizwa sehemu za barua atazitaja kwa mfululizo. Akiulizwa mara ya mwisho kumwandikia mtu aliye hai ilikuwa lini, atacheka.

Haifai kulidharau umbo lenyewe, kwani halikuzuka darasani. Miongoni mwa maandishi ya kale ya Kiswahili yaliyosalia ni barua: zile zilizoandikwa Kilwa mwanzoni mwa karne ya 18 kwa hati za Kiarabu, ambazo nyaraka zake zimehifadhiwa Goa, India. Mjerumani Carl Büttner alipochapisha mkusanyiko wake wa maandishi ya Waswahili mwaka 1892 huko Berlin, barua zilikuwa sehemu muhimu ya mkusanyiko huo. Kwa hiyo anayedhani kwamba uandishi wa barua uliletwa na shule za wamishonari anapaswa kulitafakari upya suala hilo. Washairi wa pwani nao waliifanya barua kuwa mhusika: katika tungo nyingi mshairi huusemesha waraka wenyewe, akautuma uende kwa fulani, akauelekeza njia na kuuagiza usikawie. Hata salamu zile zinazoonekana leo kuwa maneno makavu ya kujazia ukurasa zilikuwa na uzito. Aliyeandika kwamba yeye hajambo na kwamba hofu na mashaka ni juu ya yule aliye mbali na upeo wa macho yake, alikuwa akisema kweli. Hakuwa na njia nyingine ya kujua kama rafiki yake yu hai.

Isitoshe, barua hiyo ilipita mikononi mwa wengi kabla ya kufika. Kwa kuwa barua nchini Kenya hupelekwa katika masanduku ya posta badala ya milangoni mwa nyumba, watu wengi wa mashambani walipokea zao kupitia kwa sanduku la shule, la kanisa au la mwenye duka. Nyanya asiyejua kusoma alisomewa na mjukuu, na pengine mjukuu huyo huyo ndiye aliyeandika jibu kwa imla. Huko ndiko wengi walikojifunza kwamba maandishi huenda kwa mtu, na kwamba mtu huyo huyasubiri.

Ushahidi wa walioandika

Fasihi ya Kiswahili inao ushahidi wa kutosha kuhusu kile ambacho barua inaweza kuhifadhi. Mfano ulio karibu zaidi ni wa Shaaban Robert. Mwaka 2002, miaka 40 baada ya kifo chake, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Barua za Shaaban Robert 1931–1958, nazo ni barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge. Miaka hiyo ni 27. Katika muda huo Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyehamishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine, kutoka forodhani Pangani hadi Mpwapwa katika bara, na kutoka huko akarejea Tanga. Alifiwa, alioa tena, alitunga vitabu na kuhangaika kuvichapisha. Mtu mwenye shughuli kama hizo angekuwa na udhuru wa kutosha wa kutoandika. Aliandika.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia katika mfano huo. La kwanza ni kwamba undugu wa damu haukumtosha. Watu wengi huchukulia kwamba ndugu ni ndugu hata wasiposemezana miaka kumi, na kwamba rafiki wa kweli haulizi. Shaaban Robert hakuutegemea undugu ujitunze wenyewe. La pili ni kwamba barua hizo zipo leo kwa sababu kulikuwa na mtu upande wa pili aliyezipokea na kuzitunza. Wasomi husifu kalamu ya mwandishi; kwa nadra husifu sanduku la mpokeaji. Ilhali bila ya sanduku hilo, wanafunzi wa fasihi wangekuwa na vitabu vya Shaaban Robert tu, na wangeukosa mlango wa kuingilia nyumbani kwake.

Mfano wa pili ni wa Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, binti wa Sayyid Said bin Sultan. Katika zama zake wasichana wa jumba la kifalme walifunzwa kusoma Kurani lakini hawakufunzwa kuandika. Salme alijifunza kuandika mwenyewe kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia uliotumika kama ubao. Ujuzi huo ulimwingiza katika mambo makubwa, kwani mwaka 1859 alikuwa mwandishi wa barua za kundi la Barghash lililotaka kumwondoa Sultani Majid. Baadaye aliolewa na mfanyabiashara Mjerumani, akahamia Hamburg mwaka 1867 na kuitwa Emily Ruete. Mumewe alifariki mwaka 1870, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ambayo lugha yake bado ilikuwa ngeni kwake.

Salme anafahamika zaidi kwa kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1886. Kisichofahamika sana ni kwamba aliacha maandishi mengine, yaliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1993, takriban miaka 70 baada ya kifo chake. Maandishi hayo yanasimulia baridi, upweke, umaskini na kutoeleweka, na yameandikwa kwa umbo la barua zinazomwendea rafiki wa kike aliyebaki Unguja. Angeweza kuyasimulia hayo kwa umma kama alivyofanya katika kumbukumbu. Alichagua kumsimulia mtu mmoja aliyeijua harufu ya karafuu na asiyehitaji kufafanuliwa maana ya kwao. Upweke, kwa kawaida, hautafuti umati. Hutafuta mtu anayefahamu.

Mfano wa tatu unatoka Senegali, nao unajulikana kwa wasomaji wa Kiswahili kupitia tafsiri iitwayo Barua Ndefu kama Hii. Katika riwaya hiyo ya Mariama Bâ iliyotoka mwaka 1979, Ramatoulaye yumo edani baada ya kufiwa na mume aliyekuwa amemwolea mke mwenza, rika la binti yao. Amezungukwa na jamaa, wakwe na majirani wanaokuja kula na kutoa rambirambi. Katika zogo hilo lote, mtu anayemfungulia moyo ni Aissatou, rafiki yake tangu utotoni ambaye yuko Marekani. Aissatou ndiye aliyemnunulia gari alipotelekezwa. Gari lile lilikuwa msaada mkubwa, lakini kinachoandikwa katika riwaya si shukrani za gari. Ni maisha mazima yanayopitiwa upya mbele ya mtu mmoja anayeaminika. Na riwaya inapokaribia kwisha, Aissatou yuko njiani kuja. Waraka umekuwa nusu ya kuonana. Nusu ya pili inakaribia mlangoni.

Hoja za upinzani

Watakuwapo watakaosema kwamba haya yote yalikuwa ya zama za meli na garimoshi. Leo, watasema, rafiki aliye Doha au Minnesota huonekana usoni kwa simu ya mkono, husikika sauti yake, na ujumbe humfikia kabla ya chai kupoa. Hoja hiyo ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Simu imewaokoa wengi na mashaka ambayo zamani yangechukua mwezi mzima kuondoka. Aliye hospitalini hahitaji barua, anahitaji kupigiwa.

Hata hivyo, wepesi wa kumfikia rafiki umeleta tabia ya kumfikia pale tu panapokuwa na haja. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza mwezi Machi mwaka 2007, kumsaidia rafiki kumekuwa rahisi kuliko wakati wowote katika historia ya nchi, na huo ni wema mkubwa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Lakini wengi hawawasiliani tena na rafiki zao wa shule ila katika kundi la WhatsApp lililoundwa kwa ajili ya harusi, matanga au gharama za matibabu. Mchango ukiisha, kundi hunyamaza au huzikwa chini ya picha za kuchekesha zilizotumwa kwa watu mia mbili. Rafiki amekuwa nambari katika orodha ya waliotoa na wasiotoa. Barua haiwezi kufanya kazi ya mchango, na mchango hauwezi kufanya kazi ya barua. Mmoja hushughulikia dhiki iliyotokea. Nyingine humwambia mtu kwamba anakumbukwa hata pasipokuwa na dhiki.

Ipo pia tofauti ya wingi na umoja. Zamani za Sauti ya Kenya, na baadaye KBC, wasikilizaji walinunua kadi za salamu na kuzituma redioni ili majina ya rafiki zao yasomwe hewani. Kadi hizo zilikuwa na utamu wake: kijiji kizima kilisikia kwamba fulani amekumbukwa. Lakini salamu ile ilikuwa ya kutajwa tu. Haikuweza kuuliza kama ile kesi ya shamba iliisha, wala kama mama amepata miwani. Ujumbe unaosambazwa leo kwa kila mtu siku ya Idi au Krismasi ni kadi ya salamu isiyo na hata jina. Anayeupokea anajua kwamba hakufikiriwa yeye.

Hoja nyingine ni ya wale wanaokumbusha kwamba barua huweza kudhuru. Nao wana ushahidi. Katika Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971, barua ya mvulana iliyoangukia mikononi mwa Zakaria ilimletea Rosa kipigo, na athari zake zikamwandama. Ni kweli kwamba maandishi hubaki, na kwamba kinachobaki chaweza kusomwa na asiyekusudiwa. Lakini sifa hiyo hiyo ndiyo inayomfanya mwandishi apime maneno yake. Anayejua kwamba neno lake litakaa miaka katika sanduku la mwenzake hukawia kidogo kabla ya kuliandika, na kukawia huko ni sehemu ya heshima.

Kutia sahihi

Jambo hili lina uzito wa pekee nchini Kenya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na katika wiki za mwanzo za mwaka 2008, jumbe fupi za chuki zilisambazwa kwa simu, zikiwataja watu kwa makabila na kuwaita majina ya wadudu na magugu. Jumbe hizo hazikuwa na mwandishi. Kila aliyezituma alikuwa akipitisha tu, na kila aliyezipokea alikuwa mmoja kati ya wengi. Wapo waliosoma pamoja, waliolala bweni moja na kuazimana vitabu, ambao hawakusemezana tena baada ya hapo. Hawakugombana. Kila mmoja alinyamaza akisubiri mwenzake aanze, na ukimya ukageuka ukuta.

Makala haya hayadai kwamba barua zingezuia mauaji. Hilo lingekuwa kejeli kwa waliofiwa. Yanadai jambo dogo zaidi. Barua ina mtajo juu na sahihi chini. Anayeandika huanza kwa jina la mtu mmoja na kumaliza kwa jina lake mwenyewe, na katikati ya majina hayo mawili ni vigumu kuandika "watu wale". Lugha ya kirafiki humlazimisha mtu kuitumia nafsi ya pili umoja. Wanafunzi wa Kiswahili, ambao aghalabu hutoka pembe zote za nchi na kukutana katika idara moja kwa sababu ya lugha moja, wana sababu kubwa kuliko wengine ya kulitafakari hili. Wakihitimu hutawanyika: mmoja hupata kazi ya ualimu Lodwar, mwingine Kwale, mwingine Busia. Siasa za nchi zitawafikia wote huko waliko. Swali ni kama kutakuwa na chochote kilichoandikwa baina yao cha kuzijibu siasa hizo.

Yanayowezekana

Dawa ya hali hii haihitaji fedha nyingi. Kwanza, wahadhiri na walimu wanaofunza utunzi wanaweza kumrudisha mpokeaji darasani. Zoezi la barua ya kirafiki liandikiwe mtu aliyepo, lipelekwe posta kwa stempu halisi, na jibu litakalorudi liwe sehemu ya zoezi. Mwalimu hana haja ya kuisoma barua yenyewe. Inatosha ajue kwamba ilijibiwa. Mwanafunzi akipata jibu atakuwa amejifunza kuhusu utanzu huu jambo ambalo wino mwekundu haukuweza kumfunza.

Pili, vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kuweka orodha ya anwani za wanachama wanaohitimu, kila mmoja akipangiwa mwenzake mmoja wa kumwandikia kila muhula. Vyama hivi huandaa makongamano, huigiza tamthilia na kuchapisha majarida. Havijakosa uwezo wa kununua bahasha.

Tatu, aliyekusudia kuandika na hajui aanzie wapi asihangaike na ufasaha. Ukurasa mmoja unatosha. Ajibu alichoulizwa mara ya mwisho. Asimulie jambo moja dogo lililotokea, ambalo lisingestahili kutangazwa kwa watu mia mbili. Aulize swali ambalo mpokeaji peke yake anaweza kulijibu. Asiombe chochote katika barua ya kwanza, wala asitumie nusu ya ukurasa kuomba radhi kwa kukawia, kwani radhi ndefu humfanya msomaji ahisi kwamba anadaiwa. Kama posta iko mbali, barua-pepe iliyoandikwa kwa namna hiyo, kwa mtu mmoja na kwa utulivu, ni barua pia. Ubora wa karatasi ni kwamba haiibwi pamoja na simu katika matatu, na huweza kupatikana ndani ya kitabu miaka ishirini baadaye.

Na anayepokea ana wajibu wake. Ajibu, hata kwa ufupi, na atunze. Yusuf Ulenge alipokuwa akiziweka barua zile hakuwa akiwaandalia watafiti data. Alikuwa akiweka maneno ya ndugu yake.

Muhula huu, kama mihula mingine, kuna watakaofunga masanduku yao na kuondoka bwenini kwa mara ya mwisho, wakiahidiana kwamba watapigiana. Wachache watapigiana. Ingefaa kabla ya kuagana kila mmoja amwombe mwenzake anwani yake kamili, sanduku la posta na mji, aiandike kwa mkono wake mahali pasipopotea, na barua ya kwanza itiwe posta kabla mwezi haujaandama.